Amina za Wanza

Kama umeambiwa wiki hii kwamba TB yako ni ile sugu, kwanza keti. Kunywa maji. Usimpigie mtu simu ukiwa bado umesimama kwenye lango la kliniki, kwa sababu utasema mengi kuliko unavyotaka, na utamwambia mtu ambaye hukumchagua. Mimi nilipewa miezi tisa ya dawa na nikaimaliza. Leo natembea kwa miguu kutoka Kawangware hadi Kibera bila kusimama njiani kutafuta pumzi. Nakuandikia ujue kwamba inawezekana. Lakini nimejiahidi kukwambia yote, na mojawapo ni hili: sehemu kubwa ya miezi hiyo sikumezeshwa dawa na tumaini. Nilimezeshwa na kisasi.

Nilikuwa nauza chapati na maharagwe Silanga, ile sehemu ya Kibera iliyo karibu na bwawa. Mume wangu, Barasa, ni mtu wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba, na wenzake ndio waliokuwa wateja wangu wa alfajiri. Tuna watoto wawili, Ivy na mdogo wake. Kikohozi kilianza mwezi wa kumi na moja, nikasema ni moshi wa jiko. Kufika Januari nilikuwa nalowesha shuka kwa jasho, na sketi zangu zilikuwa zinazunguka zenyewe kiunoni, zipu inatoka nyuma asubuhi na inafika mbele kabla ya saa sita.

Nitakueleza habari ya makohozi kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza. Utapewa kikopo chenye kifuniko. Hawataki mate. Wanataka kile kinachotoka chini kabisa kifuani, asubuhi, kabla hujala. Vuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha kohoa kwa nguvu, nje, mbali na watu. Mara ya kwanza mimi nilipeleka mate matupu nikarudishwa, na niliona haya kama mtoto aliyejikojolea darasani. Wewe usione haya.

Majibu yalipotoka, sista, muuguzi wa kliniki, alinitoa nje, kwenye benchi iliyo chini ya paa lisilo na kuta, ambapo sisi wa kifua tunakaa ili upepo utupitie. Akaketi ubavuni pangu.

"Mama Ivy, hii ni ile sugu. Inapona, lakini inataka mtu mkaidi. Wewe ni mkaidi?"

"Muulize mume wangu," nikasema.

Akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikalia mpaka barakoa ikalowa akaniletea nyingine.

Nilimwambia Barasa. Na nikamwambia Dorka.

Dorka alikuwa kiongozi wa ushirika wetu wa akina mama, katika kanisa la mabati lililo nyuma ya mashamba ya sukumawiki. Ndiye aliyenileta kwa Bwana, na hakunileta kwa mahubiri. Nilipofika Kibera kutoka Bungoma, bibi arusi asiyejua hata bomba la maji liko wapi, Dorka alinionyesha bomba, akanibebea mtungi mmoja, akaniambia ni jirani gani mwenye mdomo na ni yupi mwenye moyo. Mwaka mzima wa hayo ulipita ndipo akaniuliza, "Nekesa, Jumapili wewe unafanyanga nini?" Hata ushirika wetu aliufundisha hivyo. Usimrukie mtu na Neno, alisema. Kwanza kuwa jirani yake, asikie harufu ya chakula chako.

Alikuwa na siri moja. Hakujua kusoma wala kuandika. Kila Jumamosi jioni alikuja kwangu, nikamsomea sura ya kesho mara tatu, naye akaishika yote kichwani. Jumapili alisimama mbele, akafungua kitabu, akafuata mistari kwa kidole, akageuza ukurasa pale nilipokuwa nimemwambia unageuzwa. Tulifanya hivyo miaka minne. Barasa mwenyewe hakujua.

Kwa hiyo nilipomwambia habari ya kifua changu, tukiwa nje mlangoni tunachambua maharagwe, niliona kwamba tunalingana. Siri yake nilikuwa nayo, na yangu alikuwa nayo. Alilia kabla yangu.

"Dorka, hii ibaki hapa."

"Imeingia hapa, imekufa hapa," akasema, akajigonga kifua.

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Sasa, spika ya kanisa letu haielekei ndani. Inaelekea njia, kwa sababu walio ndani wameshapatikana na wanaotafutwa ni wapita njia. Na kila Jumapili kabla ya mahubiri watu hutoa mahitaji yao ya maombi yakiwa yameandikwa kwenye vipande vya karatasi, katibu akayasoma yote, moja baada ya jingine. Jumapili hiyo nilikuwa nimelala nyumbani, mlango wazi kama sista alivyoagiza, nikasikia sauti ya katibu ikipita juu ya mabati yote ya Silanga:

"Tumwombee dada yetu Nekesa, Mama Ivy wa chapati, amepatikana na TB ile sugu. Bwana amguse."

Kanisa zima likaitikia amina.

Sista alikuwa amenieleza kwamba TB haipiti kwenye chakula, inapita kwenye hewa, na kwamba nikivaa barakoa na kukaa nje penye upepo hatari inapungua sana. Hayo nilikuwa nayajua mimi. Spika haikuyasema. Jumatatu niliweka meza nje nimalizie unga uliobaki, barakoa usoni. Kijana wa boda aliyekuwa akila chapati nne kila asubuhi alipunguza mwendo bila kusimama. "Niaje mathe. Leo napita tu." Jirani wa mlango wa tatu akasema, "Mama Ivy, leo nimeamkia uji," na mkononi alikuwa na mandazi ya watu wengine. Kufika saa nne, sufuria ilikuwa imejaa vile vile nilivyoifunika alfajiri.

Jioni ile Dorka alibisha mlango.

"Nekesa, nifungulie nikuambie."

"Ambia spika yako," nikasema.

Alikaa pale nje muda mrefu. Niliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Sikufungua. Kesho yake nilifunga namba yake kwenye simu yangu, na ujumbe nilijua hawezi kuandika. Hapo ndipo chuki yangu ilipopata mlo wake wa kwanza.

Mtunzaji wa nyumba alikuja akiwa ameangalia pembeni. "Mama, si mimi. Ni wapangaji wanasemasema. Mwezi ukiisha, angalieni mahali." Watoto tuliwapeleka Bungoma kwa mama yake Barasa. Siku ya kuondoka nilisimama ng'ambo ya barabara, ili nisiwakaribie, na Ivy aliendelea kumuuliza baba yake kwa sauti ambayo niliisikia: "Kwani mama amekasirika na sisi?" Kila neno la swali lile nililiweka kando nimwekee Dorka.

Mvua ya masika ilitukuta Kawangware, chumba kimoja, dirisha moja. Mimi nililala chini ya dirisha na Barasa akalala karibu na mlango. Alininunulia kikombe changu peke yangu, akakiosha mwenyewe kwa maji moto, bila kuniangalia. Hakuniacha. Nataka ulijue hilo, kwa sababu wengi huachwa. Lakini alikaa nami kama mtu anayesubiri mvua ipite chini ya paa la duka lisilo lake. Nilimuuliza, "Unaniogopa?" Akavua buti zake kwanza, akazipanga. "Naogopa watoto wabaki bila wazazi wote wawili," akasema. Nilimchukia kwa jibu hilo siku mbili, kisha nikaliona lilivyo. Kama mtu wako anakaa mbali nawe, usikimbilie kusema hakupendi. Wengine hawajui kuogopa na kukumbatia kwa wakati mmoja.

Wanza nilimpata kwa makaa. Ni mama wa Kitui, anauza kwa mkebe kando ya njia, hatua chache kutoka mlango wetu. Nilienda kununua, nikashikwa na kikohozi nikainama. Alingoja nikamaliza.

"Hicho kikohozi ni cha makaa yangu ama ulikuja nacho?"

"Nilikuja nacho."

"TB?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, kama anayeuliza saa. Nikasema ndiyo.

"Basi kaa upande huu. Upepo unatoka kwangu unaenda kwako, si kutoka kwako kuja kwangu." Akanisogezea mtungi uliopinduliwa niketi. "Mume wangu alikuwa nayo. Alimeza mpaka akapata nguvu, akasema sasa nimepona, akaacha. Mimi nilikuwa hapa nauza, nikaamini anameza." Akautikisa mkebe makaa yashikane vizuri. "Wewe nani anakuangalia ukimeza?"

Hilo swali ndilo sheria ya kliniki. Lazima mtu akuone ukimeza, kila siku ya Mungu, kisha aweke alama kwenye kadi. Unaweza kwenda huko kila asubuhi, ama uchague mtu, afundishwe. Barasa alikuwa anatoka kabla hakujapambazuka. Nikamchagua Wanza. Akaja kliniki na aproni yake nyeusi, akasikiliza maelezo yote, akamuuliza sista, "Akikataa naruhusiwa kumpiga?"

"Kidogo," sista akasema.

Vidonge vilikuwa konzi nzima. Nilikaa navyo mkononi kila asubuhi kibandani pa Wanza, uji pembeni. "Mluhya gani huyu anaangalia chakula kwa uchungu hivyo?" alikuwa akisema. "Meza, wateja wangu watadhani ninakuuzia sumu." Na kabla ya kumeza nilikuwa na mazoea ya kufumba macho na kuomba kimya kimya.

Wanza hakuwa mtu wa kanisa tena. Alipomzika mumewe walikuja wengi na nyimbo, akaniambia, na wiki ya pili hata wa kumkopa chumvi hakuwepo. Kwa hiyo hapo mwanzo maombi yangu yalimchosha tu. Siku moja, nilipokawia, alisema kwa niaba yangu, "Amina. Haya, uji unapoa." Nikacheka, nikameza. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Mimi nafumba macho, yeye anasema amina, vidonge vinashuka.

"Lakini wewe unamwambianga nini huyo Mungu?" akaniuliza mara moja.

"Namwomba anifikishe siku moja."

"Utafika," akasema. Alifikiri nazungumzia siku ya kupona.

Siku yangu ilikuwa nyingine. Katika kanisa letu, mtu aliyeponywa hupewa maiki atoe ushuhuda, na hakuna anayemkatiza, hata mchungaji. Nilipanga nitakavyosimama, nimeponywa, mnene, nimevaa vizuri. Nitamshukuru Mungu. Kisha nitamwita dada yangu mpendwa Dorka aje anisomee sura iliyonitia nguvu, nimkabidhi kitabu kikiwa wazi. Niliitafuta sura yenyewe kwa wiki nzima. Sikutaka zile anazozijua. Nilichagua orodha ya majina ya mababu, fulani akamzaa fulani, majina ambayo hata mimi hunivunja ulimi. Angesimama pale na spika imeelekea njia. Kama Silanga nzima ilisikia habari ya kifua changu, ilikuwa haki isikie na ukimya wake.

Hayo ndiyo niliyoyaombea na vidonge mkononi. Nisife kabla ya siku hiyo, na Dorka asife pia. Nilimwombea Dorka afya njema kuliko mtu yeyote duniani.

Dawa zilinifanyia mambo yake. Chakula kilikuwa na ladha ya misumari. Miguu ilianza kuwaka kwenye nyayo kama nimekanyaga pilipili; sista akapunguza dawa moja, kwa hiyo wewe ukisikia hivyo sema siku hiyo hiyo, usijifanye shujaa. Kila mwezi walinilaza na nyaya kifuani kuusikiliza moyo. Mwezi mmoja sista alitazama karatasi akauliza kwa nini moyo unakimbia. Nilikuwa nafanya mazoezi ya lile neno, dada mpendwa, nikitafuta sauti laini zaidi.

Baridi ya Julai ilipofika, ngozi yangu ilikuwa imegeuka. Kuna dawa inayoipaka mtu rangi, nikawa mweusi wa kuelekea wekundu, uso na mikono, hata wanaonijua walinipita njiani. Nilivunja kioo chetu kidogo na kumwambia Barasa kilianguka. Wanza aliweka mkono wake uliojaa vumbi la makaa ubavuni pa wangu.

"Sasa tumekuwa dada. Mimi nikioga hii inatoka. Wewe je?"

"Itatoka. Wanasema ni polepole."

"Basi ngoja polepole. Na uache kujifunika leso kama mwizi wa kuku."

Sijui ni lini amina zake zilibadilika. Niligundua tu asubuhi moja kwamba anapangusa mikono kwenye aproni kabla ya mimi kufumba macho, na kwamba anafumba yake pia. Mteja akija, anamwonyesha kiganja angoje. Siku nilipotapika vidonge vyote nikaketi chini nikisema siendelei tena, alinishika bega akaniombea mwenyewe, maneno machache, kama anayeagiza gunia kutoka Kitui: "Mungu wa Mama Ivy, huyu amenipa kazi ya kumwangalia, usiniangushe nayo. Amina." Kisha akapiga simu kliniki kuuliza kama nirudie kumeza.

Sikumhubiria Wanza hata neno. Ningewezaje, na moyo wangu uko Silanga umeshika maiki? Lakini alikuwa ameniona kila asubuhi, mgonjwa, nimefumba macho, na alikuwa ameamua kwamba anachokiona ni imani. Alianza kuniuliza mambo. Kama Mungu husikia mtu asiyejua maneno mazuri. Kama mumewe alisikilizwa. Nilimjibu vizuri, kwa upole, na kila jibu lilikuwa la kweli, na sikumwambia ninachokiomba.

Septemba, makohozi yangu yalikuwa yameonekana safi miezi kadhaa mfululizo. Sista alinishika mikono yote miwili. "Huambukizi mtu. Lakini safi si mwisho. Ukiacha sasa, inarudi na meno." Mimi nilisikia lile la kwanza tu. Ushuhuda ulikuwa umeiva.

Nikamwambia Wanza kwamba Jumapili naenda Kibera.

"Tunaenda wawili," akasema.

"Ni mbali, na mimi natembea."

"Mimi nabeba gunia la makaa."

"Kuna kelele sana huko."

"Mimi nakaa Kawangware." Akaweka kalamu ya kadi nyuma ya sikio. "Nataka kuwaona watu waliokufundisha kuomba."

Ningeweza kuahirisha. Nililiwaza hilo usingizini na nikiwa macho. Kama nikifanya nilichopanga mbele ya macho yake, nitampoteza, na si mimi tu nitakayempoteza, hata Mungu. Nilijua hivyo kabisa. Sitaki kukudanganya kwamba sikujua. Lakini nilikuwa nimebeba siku ile miezi saba, na mimba ya miezi saba haiahirishwi.

Jumapili Wanza alivaa gauni la bluu ambalo sikujua analo, kucha zake zikiwa zimesuguliwa mpaka nyekundu. Tulipita mtaa wa Ayany tukashuka Silanga. Kanisani walinishangilia kabla sijaketi. Dorka alikuwa mbele na kitambaa cheupe cha viongozi. Aliponiona alinyanyuka nusu, mikono wazi, machozi tayari, na mimi nikaangalia ukutani.

Nilipewa maiki. Niliongea vizuri. Niliwaeleza habari ya kikopo, konzi ya vidonge, miguu iliyowaka, na watu wakapiga makofi. Wanza alikuwa benchi la tatu, mdomo wazi kidogo. Kisha nikasema, kwa ile sauti niliyoitafuta, "Namwomba dada yangu mpendwa Dorka aje anisomee sura iliyonishikilia." Nikamkabidhi kitabu, wazi, kidole changu juu ya jina la kwanza.

Dorka aliangalia ukurasa. Kisha akaniangalia mimi, na hakuwa na hasira. Akainama karibu, mbali na maiki.

"Nekesa," akasema polepole, "hii hatukuisoma."

"Soma tu, dada," nikasema kwenye maiki.

Spika ikavuma peke yake. Mtoto alilia akanyamazishwa. Mtu wa nyuma akasema, "Soma, mama," na mwingine akacheka puani. Nilisimama pale nikiusikiliza ule ukimya unavyopita juu ya mabati yote ya Silanga. Na nikwambie, ulikuwa mtamu. Kwa muda wa pumzi moja ulikuwa mtamu kuliko chochote nilichokionja tangu dawa zilipoua ulimi wangu.

Dorka akafunga kitabu. Akauchukua mkono wangu pamoja na maiki, akauleta mdomoni pake.

"Sijui kusoma," akawaambia. "Sijawahi kujua. Huyu ndiye alikuwa ananisomea Jumamosi. Na ile karatasi ya maombi yake sikuandika mimi. Nilimwambia katibu aniandikie tu kwamba dada mmoja ni mgonjwa. Akaniuliza ni nani na anaumwa nini, ili naye amwombee nyumbani. Nikamwambia. Hayo mengine niliyasikia siku moja na nyinyi."

Kisha akanitazama. "Nilikuja kukuambia."

Alimwambia katibu. Hilo lilikuwa kosa, na bado ni kosa, na nikiliwaza hata leo damu inachemka. Lakini katika Kibera nzima, mimi ndiye peke yangu niliyejua kwamba Dorka hawezi kuandika. Miezi saba nilimchukia kwa sababu ya karatasi, na sikujiuliza hata mara moja kalamu ilishikwa na nani.

Nilipoangalia benchi la tatu, Wanza hakuwepo.

Nilimkuta njiani, anatembea haraka, nikamfuata kwa kifua changu kipya. Tulipofika Ayany alisimama kando ya uzio wa watu.

"Ndiyo hiyo siku?"

"Siku gani?"

"Usinifanye mjinga, Mama Ivy. Siku uliyokuwa unaomba ufikishwe."

"Ndiyo."

"Tangu masika?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikisema amina." Aliangalia mikono yake iliyosuguliwa. "Kila asubuhi. Nikipangusa mikono."

"Alinikosea, Wanza. Wewe hujui walivyonifanya. Watoto wangu..."

"Najua. Ningekuwa wewe ningemrushia gunia zima kichwani. Lakini ningekuambia hili ni gunia. Nisingekuambia ni maombi."

Akaendelea mbele peke yake. Sikumfuata tena.

Wewe unayemeza leo, nikueleze ninachokijua. Hasira inaweza kukuvusha. Mimi ilinivusha, na sitakuambia uiache kama ndiyo kamba pekee uliyoishika. Meza nayo. Lakini usimshikishe mwenzako upande wa pili wa kamba bila kumwambia inavuta nini. Mtu anayekupikia uji, anayekaa upande wa upepo wako, huyo anakusoma wewe, hata kama hakuna neno ulilomhubiria. Anaamini unachoonekana kuamini.

Jumatatu vidonge vilikuwa bado vipo. Hiyo ndiyo rehema ya dawa hizi na ndiyo adhabu yake, haziulizi jana ulifanya nini. Nilienda kibandani nikijua huenda kadi imerudishwa kliniki. Wanza alikuwa amechuchumaa akijaza mikebe. Hakuniamkia. Lakini uji ulikuwepo, kwenye kikombe chake mwenyewe, na kadi ilikuwa juu ya gunia.

Niliketi. Nikavimimina vidonge mkononi, nikafumba macho kama kawaida.

"La," akasema. "Leo sema kwa sauti. Mimi siitikii tena kitu sijakisikia."

Nikafumbua macho. Mteja alikuwa amesimama na ndoo yake. Wanza akamwonyesha kiganja angoje, na mikono yake ilikuwa myeusi, hakuipangusa. Nilitafuta neno la kuanzia. Nilifikiri litakuwa asante, au jina la Ivy, au la Barasa. Nilipofungua mdomo, jina lililotoka kwanza lilikuwa la Dorka, na baada yake sikuwa na kitu, vidonge vikianza kuyeyuka kwenye jasho la kiganja changu.

Wanza hakusema amina. Alichukua kalamu nyuma ya sikio, akaishika juu ya kadi, akangoja kusikia nitamwombea Dorka nini.